Mtungi una gesi lakini moto unazimika: baridi inafanya nini, nawe ufanye nini

*Swali: Tunatumia mtungi wa gesi wa kilo 13. Tunauweka nje, umeegemea ukuta, na mpira wake unapita kwenye tundu la ukuta hadi jikoni kwenye jiko la pleti tatu. Msimu wa joto hatuna shida yoyote. Baridi ikianza, usiku ikikaribia sifuri, asubuhi moto unawaka vizuri kama robo saa, kisha unanywea na mwisho unazimika. Tukiacha saa moja au mbili, unawaka tena. Sehemu ya chini ya mtungi inakuwa baridi mno na inapata barafu nyeupe kwa nje, ingawa ukiutikisa unasikia kabisa gesi inacheza ndani. Mume wangu anasema tumeuziwa gesi iliyotiwa maji. Jirani anasema tuumwagie maji ya moto. Mama mkwe anasema tuulaze, au tuuvishe blanketi. Mimi nilifikiria kuuingiza ndani karibu na hita. Tufuate lipi, na je, kuna hatari?*

Dada yangu, nianze na lililo muhimu kuliko yote, hata kabla ya kueleza sababu. Moto ukinywea na kuzimika wenyewe, funga swichi za pleti zote papo hapo, kisha funga na valvu ya mtungi. Umesema mwenyewe kwamba baada ya saa moja au mbili gesi inarudi. Ikirudi ikute pleti iko wazi na hakuna moto, itajaa jikoni kimyakimya. Majiko mengine yana kifaa kinachokata gesi moto ukizimika, mengi hayana. Kuzimika kwa moto ni kero tu. Pleti iliyosahauliwa wazi ndiyo hatari yenyewe.

Sasa tuje kwenye swali lako. Kwa dalili ulizotaja, gesi yenu haijaisha, na haijaganda. Watu wengi husema gesi imeganda, lakini gesi ya mtungi huganda kwenye baridi ambayo hakuna binadamu anayeishi humo: propani kwenye nyuzi 188 za Selsiasi chini ya sifuri, butani kwenye nyuzi 138 chini ya sifuri. Na kile kinachocheza ndani ukitikisa mtungi si maji, ni gesi yenyewe. Ndani ya mtungi gesi hukaa kama kimiminika kwa sababu imebanwa, na juu ya kimiminika hicho kuna nafasi iliyojaa mvuke. Jiko lenu halili kimiminika, linakula ule mvuke wa juu. Kila mvuke unapotoka, kimiminika huchemka kidogo na kutoa mvuke mwingine wa kujaza pengo.

Shida yenu iko kwenye huko kuchemka. Gesi ya nyumbani ni propani, au butani, au mchanganyiko wa hizo mbili, na tabia zake kwenye baridi hazifanani hata kidogo. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ya kawaida huacha kuchemka ikifika nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa presha: kwenye nyuzi 20, butani ndani ya mtungi inasukuma kwa takriban bar 1.1 (bar ni kipimo cha presha) zaidi ya hewa ya nje, kwenye nyuzi 10 imebaki bar 0.5 hivi, na kwenye sifuri haisukumi chochote. Mtungi unaweza kuwa umejaa butani na usitoe hata mwali wa kuchemshia chai. Propani kwenye sifuri hiyohiyo bado ina zaidi ya bar 3.5.

Lakini utaniuliza: kama tatizo ni baridi ya nje, mbona moto unaanza vizuri ndipo unanywea? Swali zuri, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtungi unajipoza wenyewe. Kimiminika kikigeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa kilicho karibu nacho; ndiyo maana spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano huleta ubaridi ingawa chupa ilikuwa mezani tu. Kilo moja ya gesi ili igeuke mvuke inadai takriban kilojuli 370 za joto. Pleti zenu tatu zikiwaka kwa nguvu zinaweza kula kama gramu 500 kwa saa. Tuchukulie zimebaki kilo 5 mtungini. Kama hakuna joto linaloingia kutoka nje, kimiminika hicho pamoja na chuma kinachokigusa vitapoa kwa nyuzi kama 12 ndani ya saa hiyo moja. Kwa robo saa ni nyuzi 3. Asubuhi iliyoanza na nyuzi 3 juu ya sifuri, hesabu yake umeiona jikoni kwako.

Ile barafu nyeupe ni unyevu wa hewani umetua kwenye chuma kilichoshuka chini ya sifuri. Itazame vizuri kesho: itakuwa imeishia kwenye mstari ulionyooka kuzunguka mtungi. Mstari huo ndio kimo cha gesi iliyobaki, kwa sababu chuma kinachogusana na kimiminika ndicho kinachonyonywa joto. Na ule muda wa saa moja au mbili mnaousubiri ni muda wa hewa kuurudishia mtungi joto lake polepole.

Kuna jambo la pili linaloongezea tatizo. Kama mnauziwa mchanganyiko, propani ndiyo hutoka kwa wingi zaidi mwanzoni, kwa kuwa ndiyo inayochemka kwa urahisi. Mtungi ukiwa mpya unafanya kazi hata kwenye baridi. Ukifika nusu, kilichobaki chini ni butani zaidi, na kimiminika chenyewe kimepungua, hivyo kinagusa eneo dogo la chuma na kinapata joto kidogo. Theluthi ya mwisho ndiyo inayosumbua watu kila msimu wa baridi, na ndiyo inayowapeleka kwa muuzaji na mtungi wenye kilo 4 ndani, wakilalamika kwamba umeisha.

Kuhusu wasiwasi wa mume wako, usimbishie, upime. Weka mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa au kuandikwa kwenye kola ya juu au kwenye mwili wa mtungi. Toa huo, kinachobaki ni gesi. Fanya hivyo siku mnayonunua, kabla ya kufungua, kisha rudia siku moto unapogoma. Gesi iliyopungua tangu dukani itaonekana hapo. Lakini mtungi unaowaka, unazimika, kisha unawaka tena baada ya kupumzika, huo unadai joto. Msitegemee pia ile geji ndogo yenye kijani na nyekundu inayofungwa kwenye regulata, yaani kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha kabla gesi haijaingia kwenye mpira. Inapima presha, haipimi kiasi. Kwenye baridi itaonyesha nyekundu wakati mtungi una kilo 8.

Sasa ushauri mliopewa.

Maji ya moto ya jirani, hapana. Maji yanayochemka yanapandisha presha kwa ghafla, na kwenye propani presha hupanda haraka: ikifika nyuzi 20 tu, tayari ni zaidi ya bar 7. Mtungi haupaswi kupashwa kupita nyuzi 50 kwa vyovyote. Ukipita mipaka yake, valvu ya usalama itafunguka na kutapika gesi mlangoni kwenu, na kama haipo au imeshika kutu, ni balaa kubwa zaidi. Ila jirani amekaribia jambo la kweli, nitalirudia hapo chini.

Blanketi la mama mkwe linaonekana la busara, lakini halisaidii. Blanketi halitengenezi joto, linazuia tu joto lisipite. Mtungi unaotumika ni baridi kuliko hewa inayouzunguka, kwa hiyo joto linatoka hewani kwenda mtungini. Ukiuvisha, umeuzuilia chakula chake. Kwa sababu hiyohiyo usiache theluji au majani makavu yaufunike, na usiufungie kwenye sanduku lisilo na matundu. Hata upepo ambao sisi tunauona adui, kwa mtungi mkavu ni msaada, kwani unauletea hewa yenye joto kuliko chuma chake. Blanketi la umeme nalo lisiguse mtungi kabisa.

Kuulaza, tafadhali msifanye, na mkiwa mmewahi kufanya msirudie. Mtungi wa nyumbani umeundwa utoe mvuke ukiwa wima. Ukilala, kimiminika kinaingia kwenye regulata na mpira. Tone dogo la kimiminika likigeuka mvuke linakuwa kubwa mara 240 hadi 270 hivi, na jiko linaweza kurusha mwali hadi usoni. Kuutikisa hakuna hatari kubwa hivyo, ila faida yake ni ya dakika chache, na huku mnavuta mpira na viungio vyake.

Hita ndiyo iliyonitia hofu zaidi, dada yangu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja ndani haipandi juu itokee dirishani, inatambaa sakafuni hadi ikutane na kitu cha moto, na hita imekaa palepale chini inaingoja. Zipo nchi nyingi zinazoruhusu mtungi mdogo wa butani ndani ya nyumba, na zinazotaka propani ibaki nje daima. Fuateni sheria ya mahali mlipo. Kwa hali yenu, mtungi ulishatoka nje, ubaki huko. Kuurudisha ndani kwa ajili ya nyuzi chache za joto ni kununua hatari kubwa kwa faida ndogo.

Basi mfanye nini? La kwanza halina gharama: punguzeni mahitaji. Pleti moja badala ya tatu inapunguza joto linalodaiwa hadi chini ya nusu, na mara nyingi hewa inaweza kulipa kiasi hicho bila mtungi kushuka. Funikeni sufuria. Vyakula vya kuchemka muda mrefu vipikwe mchana hewa ikiwa imepata joto, asubuhi ibaki ya mambo mafupi. Najua familia yenye watoto wa shule haipangiwi asubuhi yake na mtungi, lakini kwa wiki zile mbili tatu za baridi kali, hili peke yake linaweza kutosha.

Angalieni mtungi umesimama wapi. Ukikaa moja kwa moja kwenye sakafu ya zege yenye maji, hewa haipiti chini yake. Uinueni juu ya mbao imara au matofali yaliyolala sawasawa, pawe pakavu, hewa ipite pande zote na chini yake. Kama kuna upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, hamishieni huko, mbali na mtaro, tundu la chini ya nyumba au dirisha la chini. Jua la kawaida la msimu wa baridi halina madhara kwa mtungi.

Halafu kuna ule ukweli wa jirani. Maji huupa mtungi joto haraka kuliko hewa, na hayahitaji kuwa ya moto. Lita 10 za maji ya kawaida kwenye beseni pana, yenye kina cha sentimita 10 hivi, yanalipa lile deni la saa nzima la pleti tatu kwa kupoa nyuzi 4 au 5 tu. Mkiongeza vuguvugu, yawe yale ambayo mkono unakaa ndani bila hata kufikiria kuutoa, chini ya nyuzi 40. Fanyeni nje, mtungi wima, maji yasifike valvu wala regulata. Kina kisizidi hapo, kwa sababu mtungi uliobaki na gesi kidogo huelea na kuanguka. Ukimaliza kupika utoe, uufute, umwage maji, maana yakilala humo yataganda na kitako kitaota kutu. Niseme wazi kwamba wasambazaji wengi hawataki mtungi upashwe kwa njia yoyote, na kama mazoea ya kila siku nakubaliana nao. Naliona hili kuwa jambo la asubuhi ya dharura. Mkijikuta mnalifanya kila siku, mnahitaji gesi nyingine au mpangilio mwingine.

Gesi nyingine maana yake ni yenye propani zaidi. Muulize muuzaji bila aibu: huu mtungi una propani kiasi gani? Katika sehemu zenye baridi kali wengine huuza propani tupu, au hubadili mchanganyiko kwa msimu. Mkihamia propani, msifunge tu mtungi mpya kwenye vifaa vya zamani. Katika nchi nyingi regulata ya butani na ya propani hazifanani, na jiko lenyewe lazima liwe limepangiwa presha hiyo. Hii ni kazi ya fundi wa gesi, ya mara moja tu. Na msikubali kamwe mtu awahamishie propani kwenye mtungi uliotengenezwa kwa butani. Mtungi huo haukuundwa kubeba presha hiyo.

Kama propani haipatikani, mitungi miwili iliyounganishwa itoe kwa pamoja inagawana mzigo, kila mmoja unapoa nusu. Gharama yake iko kwenye mtungi wa pili na kiunganishi, na ni lazima kifungwe na fundi. Njia rahisi zaidi ninayoipenda ni ya kalenda: ingieni msimu wa baridi na mtungi uliojaa, na ule uliofika theluthi ya mwisho ufungeni, muuweke nje pembeni, mje muumalizie hali ya hewa ikishapata joto. Mabaki hayo hayaharibiki.

Kabla hujafanya lolote kati ya haya, hakikisha kwanza kwamba mkosaji si regulata. Shika mtungi: kama chuma hakijapoa sana lakini regulata ndiyo yenye barafu, na moto unapwitapwita badala ya kunywea taratibu, huenda unyevu kidogo uliokuwa ndani ya gesi umeganda kwenye kijitundu cha regulata. Hapo mume wako atakuwa na hoja, ingawa ni unyevu wa matone tu, si gesi ya maji. Funga valvu, subiri, weka kitambaa chenye vuguvugu juu ya regulata. Usiigonge, usiiwashie kiberiti. Tazama pia lile tundu dogo la hewa lililo kwenye mwili wake, lielekee chini na lisizibwe na barafu au tope, maana likiziba regulata inaweza kupitisha presha isiyo sahihi. Ikijirudia, nunueni mpya na murudishe mtungi kwa muuzaji mkimweleza hali hiyo.

Fundi aitwe bila kusubiri kama mwali umekuwa mrefu wa njano na unatia masizi kwenye sufuria, kama regulata inatoa mlio, au kama harufu ya gesi inabaki mkiwa mmefunga kila kitu. Masizi yanaashiria gesi haiungui sawasawa, na hapo hutoka kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu waliofunga madirisha kwa sababu ya baridi. Mkisikia harufu kali, msiguse swichi ya taa, fungeni valvu kama inafikika, fungueni milango, tokeni wote, na simu ipigwe mkiwa nje.

Mwisho ni jambo ambalo hukuliuliza: ule mpira unaopita kwenye tundu la ukuta. Mpira hukakamaa kwenye baridi, na mahali unapopinda na kusuguana na ukingo wa ukuta ndipo unapopasuka, tena ndani ya tundu ambako hakuna anayeona. Mtungi ukiwa umefungwa, uvute mpira taratibu, uukunje kidogo kwa vidole na utazame kama kuna nyufa nyembamba. Paka povu la sabuni kwenye viungio, kwa maji ya vuguvugu ili yasigande, uangalie kama mapovu yanakua. Hata ukiukuta mzima, mwambie fundi akija aweke bomba la chuma au la shaba lipite ukutani ndani ya bomba jingine la kulikinga, na mpira ubaki mfupi pande zote mbili, mahali unapoonekana. Soma na tarehe iliyochapwa juu ya mpira. Ukipita muda wake, ubadilisheni sasa, kabla ya zile asubuhi za baridi kali.